Mkwe Aliyecheza Kila Namba

Jumapili moja mchana, katika nyumba ya kupanga huko La Rochelle, mtaa mmoja wa Johannesburg, Eloy Quintanal alitoka chumbani, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mama mkwe wake, akamega bukari, ugali wa Kikongo, kwenye sahani ya mama huyo na kuuchovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akala. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Hii sombe iko muzuri sana."

Kama kwenu mkwe na mama mkwe hula pamoja na kugombania rimoti, utauliza hapo kosa liko wapi. Lakini Mama Agnès ni mtu wa Katanga, na katika ukoo wake mume wa binti hamtazami mama mkwe machoni, hamgusi, wala haketi naye mezani. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule ndogo na choo kimoja, na bado waliweza kuishi hivyo tangu mama alipokuja kumlea mjukuu. Yeye hukohoa kabla ya kufungua mlango, mkwe hugonga ukuta kuonyesha kwamba amesikia na ameshageuka. Si jambo rahisi, jaribu uone.

Mama Agnès alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaenda kujifungia bafuni. Clémentine, binti yake, alibaki ameshika mwiko. Kaka yake Jacques, ambaye ni mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Sandton na alikuwa amepita pale akiwa bado na sare za kazi, alisukuma kiti nyuma.

"Shemeki, unafanya nini?"

"Ninakula."

"Unakula mu sahani ya mama! Unamuangalia mama mu macho!"

Eloy alitazama sahani, akamtazama mkewe, akatabasamu kidogo kama mtu aliyechelewa kuelewa utani. "Mama gani?" akauliza.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Jacques aliyasikia kama dharau, tena dharau ya mzungu. Mama Agnès naye aliyasikia kule bafuni, alikokuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, na moyo ukamuuma kiasi kwamba hakutoka mpaka mwanawe wa kiume alipoondoka.

Jioni Clémentine alimfuata mumewe uani. Alikuwa bado na hasira, na hasira ya msusi anayesimama kutwa saluni huanzia miguuni.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Nilifanya nini?"

"Eloy, usinichezee."

"Vraiment, chérie. Nilifanya nini?"

Alipomweleza, akakataa. Hakukataa kwa kelele; alikataa kwa utulivu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Miye sikaake na mama. Weye unajua. Miaka yote hii, hata siku moja."

"Sisi wote tulikuona!"

"Basi muliona mutu mwingine."

Clémentine alikuwa hajawahi kumsikia akisema uongo, wala hakumjua kama mtu wa kubishana. Eloy alizaliwa kaskazini mwa Uhispania, katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na nusu ya maisha yake alilipwa mshahara ili wengine wasifunge mabao. Alianza namba mbili. Beki wa kushoto alipovunjika mguu, wakampeleka namba tatu, akaicheza vizuri hata yule mwenzake aliporudi kocha hakutaka kumweka nje, akamhamishia katikati. Alicheza namba nne, namba tano na namba sita, na mwaka mmoja huko Kupro, kipa alipotolewa kwa kadi nyekundu, alivaa glavu na kudaka penalti. Makocha walimpenda kama tunavyokipenda kisu cha jikoni, kila siku kinatafutwa na hakuna anayekisifu. Kila msimu mpya ulipoanza, timu ilinunua beki mwenye namba yake, naye akakaa benchi kungoja nani ataumia. Timu ya taifa haikumwita kabisa, kwa sababu walisema hawajui wamwite acheze wapi.

Mwishoni akaja Johannesburg, timu ya daraja la pili, na huko Rosettenville akamwona Clémentine akisuka nywele mlangoni pa saluni. Walipomweleza masharti ya ukwe, Wakongo wenzake Clémentine walitega masikio wasikie mzungu atacheka vipi. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: nikae umbali gani? Tangu hapo aliushika ukwe kuliko vijana wengi wa Katanga wanaojidai kuujua. Asubuhi, Clémentine akishatoka, mama hukaa nyuma ya mlango wa chumba akichambua maharage, mkwe hukaa sebuleni na kahawa yake, mlango ameupa mgongo, wakaongea. Marehemu mume wa Mama Agnès alikuwa mtu wa mgodi wa shaba. Baba yake Eloy alikuwa mtu wa mgodi wa makaa. Walikuwa na mengi ya kuulizana, na Kiswahili chake chote Eloy alikipatia pale mlangoni.

Ukwe hufunguliwa, tuseme ukweli. Mkwe akileta kuku na kitenge, na mama akivipokea, wanashikana mikono na mambo yanaisha. Akina mama wengi wa Kikongo hapa mjini wameshawafungulia wakwe zao kwa ajili ya ufinyu wa nyumba. Eloy aliomba mara mbili. Mama Agnès alikataa, maana kanisani alikuwa amejijengea jina: yule mama ambaye mkwe wake mzungu anamheshimu kuliko watoto wetu. Alilipenda jina hilo, na sioni haja ya kumficha.

Saluni, Clémentine alimsimulia Brigitte, msusi mwenzake, akitumaini kufarijiwa.

"Bazungu beko vile," Brigitte alisema, mkono ukiwa ndani ya nywele za mteja. "Mpira umeisha, sasa amechoka na desturi yako. Leo amechoka mama yako, kesho atakuchoka weye."

Mteja akacheka. Clémentine akajifanya anatafuta kitana.

Kusema kweli dalili zilikuwepo, lakini alizipa majina mengine. Jiko la gesi lililoachwa linawaka aliliita uvivu. Siku Eloy aliposahau kumchukua Héritière, binti yao, shuleni, alisema ni mtu aliyestaafu asiyejua tena saa. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye mapaja kama nguzo, nani angemfikiria ugonjwa wa wazee?

Alhamisi Jacques alikuja na masharti. Mama Agnès alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Jacques hakukaa.

"Alete kuku na kitenge ya kuomba msamaha. Akikatala, Jumapili ninachukua mama, tena Clémentine atachagula: atafuata mama yake, ao atabaki na mutu mwenye kutuzarau."

"Yaya Jacques, tafadhali," Clémentine alisema; kwao kaka mkubwa huitwa Yaya.

"Haiko juu yako. Ni juu ya mama."

Eloy alikuwa amesikiliza, mikono magotini, kama alivyozoea kusikiliza kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. "Kama munasema nilifanya, basi nilifanya. Nitalipa."

"Haiko 'kama munasema'! Ulifanya ao haukufanya?"

"Shemeki, miye sijue. Niambie nisimame fasi gani, nitasimama."

Ndivyo alivyowajibu makocha wote maishani mwake na kila mmoja wao alimpiga begani akaridhika. Jacques aliona anafanyiwa mzaha. Alitikisa kichwa, akatoka na kuubamiza mlango wa geti.

Eloy akasogea karibu na chumba cha mama mkwe wake, akageuka, akaupa mlango mgongo. "Jambo mama. Umelala muzuri?"

Ilikuwa jioni, lakini mama akajibu, "Nimelala muzuri, mukwe."

Eloy hakuondoka. Alisimama pale kidogo, akajikuna shingo, kisha akasema kwa sauti ileile, "Jambo mama. Umelala muzuri?"

"Nimelala muzuri, mukwe wangu," Mama Agnès akajibu tena, polepole.

Usiku alimwita binti yake. "Clémentine, huyu mutu haiko na zarau. Iko na kitu mu kichwa."

"Mama, usimutetee."

"Simutetee. Minakuambia kile nimesikia."

Lakini Clémentine alikuwa ameshaamua kwamba anadharauliwa, na mtu akishaamua hivyo hataki kunyang'anywa.

Kuku wa faini alinunuliwa Jumamosi, akafungwa miguu akawekwa uani. Jacques angekabidhiwa Jumapili jioni, baada ya mechi.

Mechi yenyewe ilikuwa ya maveterani, Watanzania na Wakongo, kwenye uwanja wa shule moja kule Kensington. Mwadini, mtu wa Tanga anayeuza vifaa vya simu, ndiye aliyekuwa nahodha wa Watanzania, na kwa kuwa alipungukiwa na beki alimwazima Eloy. Alikuwa na sababu nyingine pia. Mkuu wa shule ile alikuwa anatafuta mwalimu wa mpira, na Mwadini alikuwa amemsifia rafiki yake mpaka mate yakamkauka.

"Huyu ndiye kiraka wangu, mheshimiwa," alimwambia mkuu wa shule pale pembeni ya uwanja. "Mweke popote unapotaka. Hana mahali asipofaa."

Kipindi cha kwanza Eloy alicheza kama zamani. Hakukimbia sana, alikuwa tu pale mpira ulipokuwa unakwenda. Jacques, aliyekuwa mshambuliaji wa Wakongo na ambaye tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia, hakupata hata nafasi moja. Clémentine alikuwa amekaa kwenye nyasi na mwanawe, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia fahari, ingawa alikuwa bado hamsemeshi mumewe.

Mapumziko yakaisha, timu zikabadilishana magoli. Eloy alikunywa maji, akafuta uso, akarudi kusimama palepale alipokuwa amesimama kipindi cha kwanza, mbele ya goli ambalo sasa lilikuwa la Wakongo.

Mwanzoni hakuna aliyeona. Kisha mshambuliaji mmoja wa Watanzania, mwenzake kabisa, akaja na mpira, na Eloy akamtokea kwa pembeni, akamnyang'anya bila kumgusa mguu, akampasia beki wa Kongo. Watu wakashangaa. Mara ya pili alifanya vilevile, wakaanza kucheka. Mara ya tatu Mwadini mwenyewe alipiga shuti la kwenda kona ya juu, kipa wa Kongo ameshaanguka, na Eloy akaruka akautoa kwa kichwa kwenye mstari. Lilikuwa tendo zuri kuliko yote siku ile, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Analipa faini!" Mkongo mmoja alipiga kelele. "Amekosea mama mukwe, sasa anachunga goli ya bukwe!"

"Eloy ni wetu! Amesamehewa!"

Habari za sahani ya sombe zilikuwa zimeshafika kila mahali, kwa hiyo kila mtu aliuelewa utani huo na kuuongezea wake. Hata Jacques alicheka. Alimnyooshea shemeji yake dole gumba kutoka mbali, akiamini kweli kwamba ameombwa radhi mbele za watu, tena kwa namna nzuri kuliko kuku.

"Eloy! Kipindi cha pili, ndugu yangu!" Mwadini alikuwa anaita, akionyesha kwa mikono miwili. "Goli letu lile kule! Tumebadilisha!"

Eloy alimtazama, akainua mkono kuashiria ameelewa, akarudi kuwapanga mabeki wa Kongo mstari mmoja. Alikuwa anatokwa na jasho, uso ameukaza, macho yanafuata mpira. Hakukuwa na mzaha wowote usoni pale. Alikuwa kazini.

Clémentine aliacha kuyasikia kichwani maneno ya Brigitte, akaacha kumsikia Jacques, akaacha kusikia kicheko chote. Sasa aliiona ile Jumapili ya sombe upya, na akajionea aibu kubwa. Aliinuka akaingia uwanjani na viatu vyake vya wazi, mwamuzi akapiga filimbi, naye akamshika mumewe mkono akamtoa. Watu walipiga makofi. Walidhani mke amekuja kumchukua mume mtundu. Mkuu wa shule alikuwa ameshaingia kwenye gari lake.

Alimkalisha kwenye nyasi, akapiga magoti na kuanza kumfungua kamba za viatu.

"Tumefungwa ngapi?" Eloy aliuliza kwa wasiwasi.

"Hakuna kitu, chéri. Haukufungwa hata moja."

Daktari wa hospitali ya serikali alikuwa msichana mwenye adabu, aliyechoka. Alimuuliza Eloy alicheza namba gani. "Zote," alijibu, na kwa dakika hiyo alionekana mzima kabisa. Akamuuliza kama alikuwa anapiga sana mipira ya kichwa. Eloy akacheka; beki asiyepiga vichwa ataishije?

Kisha akampa karatasi akamwambia achore saa ya ukutani. Eloy alichora duara zuri. Halafu akaandika moja chini kabisa, mbili kulia, tatu kushoto, nne na tano katikati, sita mbele yao, akaendelea hadi kumi na moja, kila namba mahali pake pa kuchezea. Akampa daktari ile karatasi kwa kujiamini. Daktari aliitazama muda mrefu.

Alieleza taratibu, na Clémentine alielewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. Ubongo ulikuwa umechakaa kabla ya wakati. Dawa zingepunguza mambo madogo madogo. Kurudi nyuma hakupo. Asiachwe peke yake, daktari alisema, na hilo alilisema mara mbili.

Asiachwe, akae na nani? Clémentine hutoka asubuhi, hurudi giza linaingia, na saluni ndiyo inayolisha nyumba nzima. Mama Agnès alikuwa nyumbani kutwa, lakini nyuma ya mlango. Angeweza kumsikia mkwe wake akiangusha sufuria. Hangeweza kwenda kumshika mkono. Juma lililofuata Mwadini alimrudisha kutoka njia panda ya karibu na duka la spaza. Alikuwa amemkuta katikati ya barabara, robot, zile taa za barabarani, zikiwa kijani, akiyapanga magari.

"Shemeji, wangemgonga," Mwadini alimwambia Clémentine, na mtu yule mwenye maneno mengi hakupata neno la pili. Aliweka funguo za Eloy mezani, akaondoka.

Jacques alikuja jioni ileile. Alikuwa mpole sasa, na upole wake ulitisha kuliko hasira. Kule Uhispania Eloy alikuwa na dada. Dada alishasema kwenye simu kwamba mjini kwao iko nyumba ya kutunzia wagonjwa wa namna hiyo, na nafasi ipo.

"Atumwe kwabo," Jacques alisema. "Weye hautaweza."

"Ni mume wangu."

"Najua. Mais kule beko na madaktari. Hapa iko na nani? Weye uko saluni. Mama hawezi kumufikia."

"Kule hatanijua hata sauti. Hatamujua mutoto. Nikimutuma, Yaya, nimemuzika."

"Basi acha kazi, tukule nini?"

Clémentine alilia mbele ya kaka yake bila kujifuta. Eloy alikuwa amekaa pembeni yao, anakunja taulo za saluni moja baada ya nyingine, kwa uangalifu.

Hapo mlango wa chumba ukafunguka bila mtu kukohoa. Mama Agnès alikuwa na kitenge kipya begani, kile cha Pasaka ambacho alikuwa hajakishona, na mkononi alikuwa na yule kuku wa faini, aliyekuwa amemwingiza chumbani kutoka uani, ambaye katika fujo zote zile hakuna aliyekumbuka kumchinja.

"Mama, rudi mu chumba," Jacques alisema. "Shemeki iko hapa."

"Miye namuona."

"Unataka kufanya nini?"

"Ninafungula bukwe."

Jacques alisimama. "Haiko vile! Ni mukwe analeta kuku, mama anapokea. Haiyakuwa hata siku moja mama anamulipa mukwe! Watu watacheka."

"Watu bamecheka tayari, mu Kensington. Weye pia ulicheka."

Jacques akainamisha kichwa.

"Aliniomba mara mbili," Mama Agnès akaendelea. "Mara mbili aliniomba tukule pamoja. Miye nilikatala juu ya kusifiwa ku kanisa. Sasa yee hawezi kuomba tena, ni miye nitaomba. Usinizuie, Jacques. Nilikuzaa."

Alikwenda akamwekea Eloy kuku miguuni na kitenge mapajani, juu ya taulo. Eloy aliona kitambaa kingine, akakikunja vizuri, akakiweka pamoja na vingine. Mama Agnès akanyoosha mkono. Eloy alikuwa mtu wa adabu. Mwanamke mzee akikupa mkono unaupokea. Wakashikana mikono mbele ya watoto wawili wa mama huyo, na habari za Uhispania zikaishia pale.

Clémentine aliporudi kesho yake jioni alikuta uji wa asubuhi bado mezani, umeganda. Eloy alikuwa amesimama kwenye kona ya sebule, uso ameuelekeza ukutani. Mama Agnès alikuwa amekaa sakafuni chumbani, mlango umefungwa.

"Imekuwa nini?"

"Nilikaa naye muzuri," Mama Agnès alisema kwa taabu. "Nikamupa kijiko. Akaniuliza: weye ni nani, mama? Nikasema, miye ni mama mukwe yako. Nilisema na furaha, Clémentine. Yee akasimama mbio, akafunika macho, akaniomba pardon, akaenda ku ukuta. Nikamuambia bukwe imekwisha, tulishikana mikono jana. Haamini. Nikatoka ili akule, hakukula. Anasema mama mukwe alimuona uso."

Walijaribu tena siku iliyofuata, Clémentine akiwa amechelewa kazini makusudi. Alimweleza mumewe kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa yale maneno machache ya Kihispania aliyoyajua, kwamba mama amemfungulia. Eloy alisikiliza, akakubali. Lakini muda si muda ile habari ya kufunguliwa ikamtoka, ukwe ukabaki. Alikuwa amesahau magoli, majina ya timu, njia ya dukani. Hilo moja lilikuwa limekaa mahali ambapo ugonjwa ulikuwa haujafika. Kila alipoambiwa yule mwanamke ni nani, aliinuka na kumpa heshima yake, na njaa yake akaenda nayo ukutani.

Siku ya tatu Clémentine alitoka alfajiri. Mama Agnès alipika uji, akatia sukari na siagi ya karanga, akauweka mezani. Alikaa mkabala na mkwe wake, akamtazama. Eloy alikuwa na nywele za mvi juu ya masikio na kovu kwenye nyusi, mambo ambayo mama huyo hakuwahi kuyatazama vizuri miaka yote waliyoishi pamoja.

"Jambo mama," Eloy alisema. "Weye ni nani?"

Mama Agnès alikoroga uji kwanza.

"Miye ni jirani," akasema. "Clémentine amenituma nikupe chakula."

"Ah. Merci." Akafungua kinywa, akapokea kijiko cha kwanza. Akala cha pili na cha tatu, kwa hamu. Kisha akasita, akamwangalia. "Sauti yako inafanana na ya mama mukwe wangu."

"Tunatoka muji moja."

"Likasi?"

"Lubumbashi."

"Ndiyo, Lubumbashi." Akainama mbele kidogo, akateremsha sauti ili isifike chumbani. "Yee iko mule ndani. Miye sijaona uso yake hata siku moja. Alinifundisha kusema. Wakati mpira uliisha, watu wote waliacha kuniita, yee tu alikuwa ananiita kila asubuhi, pale ku mlango." Akafikiri. "Sijamuambia asante. Kupitia mlango haifai. Nangojea anifungulie."

Mama Agnès alishusha kijiko ndani ya bakuli.

"Nimuambie nini?" akauliza.

"Usimusumbue. Amelala," alisema Eloy, akafungua kinywa tena, na mama yule jirani akamlisha mpaka bakuli likaisha.